Tuachieni mega za usalama: barua ya wazi kutoka Sange kwa ARPTC na kampuni za simu

Kwa Mheshimiwa Rais wa ARPTC, mamlaka inayodhibiti posta na mawasiliano, Kinshasa,
na kwa wakurugenzi wa kampuni za simu zenye minara Kivu Kusini.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa Sange, bonde la Ruzizi, kando ya Barabara ya Taifa namba 5 inayoshuka kutoka Bukavu kupitia Kamanyola na Luvungi hadi Uvira. Huenda jina la mji wetu lilifika Kinshasa kwa sababu ya usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka hapa na kuwaka, watu zaidi ya 230 wakafa. Huenda mlilisikia tena Disemba 2025, mapigano yalipofika bondeni na maelfu ya watu wakavuka mto kwenda Burundi. Leo siwaletei habari ya moto wala ya bunduki. Nawaletea jambo la kiofisi ambalo mkitaka mtalimaliza kwa saini: mega zinazotumika kusasisha kivinjari cha simu zisikatwe kwenye forfe (kifurushi) ya mteja.

Mimi ni fundi simu. Simu zinazofika mezani kwangu, ziwe Tecno, itel, Infinix au Samsung iliyozeekea Dubai kabla ya kuletwa kwetu, karibu zote ni Android, na karibu zote zina Chrome iliyotoka nayo kiwandani. Mwanafunzi anayesaka matokeo ya mtihani wa dola, kijana wa pikipiki anayetazama magoli ya jana, mama wa mihogo anayefungua kiungo alichorushiwa na mwanawe aliyeko Bujumbura, wote wanapita humo humo, na wengi hawajui hata kwamba kitu hicho kina jina lake.

Siku hizi vijana wanapeana shauri: Chrome inashambuliwa mno, afadhali uifute utafute kingine kisichojulikana, wezi hawatakufuata huko. Shauri hilo lina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niwaandikie ninyi badala ya kuwaandikia wao.

Nianze na hiyo nusu ya kweli. Kutafuta tundu ndani ya kivinjari cha leo si mchezo wa mtoto mwenye kompyuta chumbani. Ni kazi ya miezi, ya watu waliosoma, na mara nyingi tundu moja halitoshi: la kwanza linakupa mamlaka juu ya ukurasa, la pili linakutoa nje ya kizuizi ambacho kivinjari kimeuzungushia ukurasa huo, la tatu ndilo linalokupa simu yenyewe. Anayegharamia kazi hiyo anataka fedha yake irudi. Akiielekeza kwenye programu yenye watumiaji laki moja, atavuna haba. Akiielekeza kwenye programu iliyomo ndani ya mabilioni ya simu, tundu lile lile, kwa jasho lile lile, litafanya kazi Moscow, Kinshasa na Sange bila kubadilishwa herufi. Biashara hiyo ilikuwa na bei zake hadharani. Januari 2019 kampuni ya Zerodium, iliyokuwa ikinunua matundu ya namna hii ili kuyauza kwa wateja wa serikali, ilitangaza kwamba itatoa hadi dola 500,000 kwa mnyororo mzima wa kuivunja Chrome kwenye Windows, mara mbili ya bei iliyokuwapo kabla. Hakuna anayetoa fedha hizo kwa kivinjari ambacho watumiaji wake wote wanaenea kwenye kanisa moja.

Kabla ya Chrome, mzigo huu uliangukia Internet Explorer. Microsoft iliifunga ndani ya Windows kiasi kwamba Mei 1998 serikali ya Marekani iliipeleka mahakamani. Lakini kufikia miaka ya 2002 na 2003 zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliokuwa mtandaoni waliitumia hiyo hiyo. Toleo lake la 6 lilitoka Agosti 2001, la 7 likasubiriwa hadi Oktoba 2006. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mitano hapakuwa na mpinzani wa kumkimbiza fundi, na fundi akakaa. Juni 2004 wezi waliingilia tovuti halali za watu, wakazitega ili kila mgeni aliyekuja na Internet Explorer aondoke na programu ya kumwibia nywila. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kitengo cha usalama wa kompyuta cha serikali ya Marekani kiliandika, kati ya njia za kujikinga, kwamba mtu anaweza kutumia kivinjari kingine. Miezi mitano baadaye ikazaliwa Firefox 1.0. Hata hivyo Januari 2010 Google ilipotangaza kwamba imeingiliwa, ikaonekana kwamba tundu mojawapo lililotumika lilikuwa la Internet Explorer, na safari hii serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao waiache hadi itibiwe.

Mtu aliyeiona hatari hiyo mapema aliadhibiwa. Septemba 2003 mtaalamu Dan Geer na wenzake walitoa ripoti iliyosema kwamba kuiweka dunia nzima kwenye mfumo wa kampuni moja ni kuuandalia ugonjwa mmoja karamu. Geer alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya @stake, na Microsoft ilikuwa mteja wa kampuni hiyo. Ripoti ilipotoka tu, kazi ikaisha. Mkulima wa bonde letu asingehitaji kusoma ripoti hiyo. Anajua kinachotokea shamba lote likipandwa vijiti vya aina moja ya muhogo na mozaiki ikaingia kwa jirani: haichagui mche, kwa sababu miche yote ni mmoja.

Hadi hapo vijana wangu wako sawa. Sasa nawaomba mtazame tukio jingine. Mwaka 2001 tovuti nyingi zaidi duniani zilihudumiwa na programu ya Apache; IIS ya Microsoft ilikuwa nyuma yake. Kama wingi ndio unaoita mashambulizi peke yake, Apache ndiyo ingeliwa. Lakini mdudu aliyeitwa Code Red aliingia kwenye IIS, na tarehe 19 Julai 2001 alizipata kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Sehemu ya habari hiyo ambayo ningependa kila mkurugenzi aisome mara mbili ni hii: kiraka cha tundu hilo Microsoft ilikuwa imekitoa tarehe 18 Juni, mwezi mmoja kabla. Dawa ilikuwepo. Haikuwa imefika kwenye mashine.

Ndiyo maana siamini hadithi ya kwamba kujificha kwenye programu ndogo kunatosha. Wingi unamvuta mwindaji, hilo sibishi. Kinachompa mnyama ni muda unaopita kati ya kiraka kutoka na kiraka kuwekwa, na muda huo Sange hauhesabiwi kwa siku.

Itazameni Chrome yenyewe. Leo inashika karibu theluthi mbili ya matumizi ya vivinjari duniani. Lakini hesabu hiyo inapunguza ukubwa wake halisi, kwa kuwa injini yake, Chromium, ndiyo iliyo pia ndani ya Edge tangu Januari 2020, ndani ya Opera, ndani ya Brave na ndani ya kivinjari cha Samsung. Hata ukurasa unaofunguka ndani ya programu nyingine za Android, bila mtu kugusa kivinjari chochote, mara nyingi unachorwa na injini hiyo hiyo. Kijana anayefuta Chrome akaweka mojawapo ya hizo amebadilisha kibao cha mlangoni. Kuna injini tatu tu zenye uzito zilizobaki: ya Google, ya Apple, na ya Firefox. Na hata kati yao wanaazimana vifaa. Septemba 2023 liligunduliwa tundu katika maktaba ndogo ya kufungulia picha za aina ya WebP. Apple na watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walilitolea taarifa tarehe 6. Chrome ikapata kiraka tarehe 11, Firefox tarehe 12, kwa kuwa wote walikuwa wanatumia maktaba ile ile. Picha tu, waheshimiwa. Mtu hakuhitaji kubonyeza chochote zaidi ya kufungua ukurasa wenye picha iliyotegwa.

Ukubwa huo una upande wake mzuri pia, na nisipousema nitakuwa nadanganya. Kivinjari kinachowindwa kuliko vyote ndicho pia chenye walinzi wengi kuliko vyote. Google inawalipa wanaoleta matundu ya Chrome tangu Januari 2010. Tangu Agosti 2023 inatoa viraka vya usalama kila wiki, badala ya kungoja wiki mbili kama zamani. Sababu yao ya kuharakisha inatuhusu sisi moja kwa moja. Msimbo wa Chromium uko wazi kwa kila mtu. Fundi akirekebisha tundu, marekebisho yanaonekana siku hiyo hiyo. Mwizi anayajua haya. Hahitaji tena kutafuta tundu kwa miezi, anasoma kiraka, anarudi nyuma kutoka kwenye kiraka hadi kwenye tundu, kisha anawatafuta ambao hawajakipata. Zamani, Google wenyewe walieleza, kati ya marekebisho kuonekana na kiraka kumfikia mtumiaji zilikuwa zikipita siku kama 35. Walipoanza kutoa viraka kila wiki mbili zikashuka hadi kama 15. Wakaona bado ni nyingi. Mainjinia wa California wanagombania siku chache. Mimi nafungua simu hapa nakuta Chrome ya mwaka juzi.

Kwa nini? Wengi huko juu watasema: ujinga wa wananchi. Sivyo. Simu inafanya kile ilichoamriwa. Play Store mara nyingi inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kusasisha programu zenyewe kupitia Wi-Fi tu. Aliyeweka mpango huo alimfikiria mtu anayerudi nyumbani jioni, simu ikajiunga na Wi-Fi ya sebuleni, yeye akalala. Ni mpango wa huruma, unamwokolea mega zake. Lakini Sange sebule hazina Wi-Fi. Watu wangu wanaishi kwenye mega za kununua, za siku, za wiki kwa mwenye nazo, na wengi wananunua ile forfe ya WhatsApp pekee ambayo Play Store haifunguki ndani yake. Kwa hiyo simu inangoja Wi-Fi. Inangoja mwaka, inangoja miwili, na mwenye simu haoni dalili yoyote, maana kivinjari cha zamani kinafungua kurasa vilevile kama kipya.

Ukimwambia akibadilishe kwa mkono, anauliza swali la haki: ni mega ngapi? Sasisho la Chrome mara nyingi ni makumi ya mega, na simu iliyokaa muda mrefu inaweza kudai zaidi ya mia. Kwa mtu aliyenunua mega za kuzungumza na mume wake aliye kambini ng'ambo ya Ruzizi, hiyo ni kumwambia asizungumze leo. Sijawahi kupata ujasiri wa kumlaumu anayekataa.

Basi wanatafuta njia nyingine. Programu zinatoka simu hadi simu kwa Xender au kwa kadi ya memori, bure, bila mega. Hakuna anayejua toleo lile ni la lini wala limepita mikononi mwa nani. Na hapa umaarufu wa Chrome unafanya kazi ya pili, ambayo wengi hawaitaji: jina lake limekuwa chambo. Aprili 2024 kampuni ya ThreatFabric ya Uholanzi ilieleza kuhusu programu mbaya ya Android iliyoitwa Brokewell, iliyokuwa ikisambazwa kwa ukurasa wa uongo unaosema Chrome yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa uisasishe. Aliyebonyeza alimpa mgeni macho ya kuona skrini yake na mikono ya kuibonyeza kutoka mbali. Chambo hicho kinawanasa hasa watu wenye bidii, wale waliosikia kwamba kusasisha ni vizuri na hawana njia ya kawaida ya kufanya hivyo. Kwa kivinjari kisicho na jina, ujanja huo usingempata hata mtu mmoja.

Mtaniuliza, mwanakijiji ana nini cha kuibiwa? Miaka michache iliyopita ningekuwa na jibu fupi zaidi. Lakini waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, na benki za miji hiyo zikafunga milango. Tangu hapo simu ndiyo benki ya mkoa. Mshahara wa mwalimu, msaada wa ndugu aliyeko Lubumbashi au Ulaya, fedha za likelemba, malipo ya tani moja ya mahindi: vyote vinapita kwenye simu na kuishia kwa kijana wa kabini anayetoa noti. Ni kweli kwamba huduma ya fedha kwa kubonyeza nyota na namba haipiti ndani ya kivinjari, na simu ya vitufe inaitumia vizuri tu. Sitaki kuwatisha watu kwa jambo lisilo la kweli. Ila simu iliyokwisha kuingiliwa inaweza kusomwa ujumbe wake, kutazamwa namba ya siri inavyoandikwa, na akaunti ya WhatsApp ikachukuliwa. Kisha ndugu wote wanapokea ombi la fedha kwa jina la mtu wanayempenda, la haraka, kuna mgonjwa. Katika mkoa ambao kila familia ina mtu aliyekimbia, nani ataomba uthibitisho?

Nchi imekwisha kukubali kwamba jambo hili ni la dola. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 ipo. Kanuni ya Dijitali, ile Amri-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaeleza makosa ya mtandaoni na adhabu zake kwa kurasa nyingi. Nimeisoma kadiri nilivyoweza. Adhabu ni nzuri, lakini mwizi aliyeandika programu yake akiwa bara jingine haogopi gereza la Uvira. Anachokiogopa ni simu iliyosasishwa, kwa sababu pale kazi yake ya miezi inageuka hasara.

Na msiniambie kwamba kuifikia kila simu hadi Sange ni vigumu. Mwaka 2020 mliifikia. Mlianzisha Rejista ya Vifaa vya Mkononi, ile RAM ambayo hadi leo ukiitaja sokoni watu wanaguna. Mlijua simu ipi ni ya 2G mkaikata dola 1 kwa mwaka, mkajua ipi ni ya 3G au zaidi mkaikata dola 7, kidogo kidogo, kwenye inite za mtu, hata akiwa amezihifadhi kwa dharura. Ilifutwa mwanzoni mwa 2022 baada ya kelele nyingi. Tuliambiwa ilikuwa ya kutulinda na simu bandia na simu za wizi. Sitaki kuufukua ugomvi ule. Ninachosema ni kwamba mitambo ya kutambua kifaa na kugusa salio lake ilikuwepo, ilifanya kazi hadi kijiji cha mwisho, na hakuna fundi wa kampuni aliyesema haiwezekani. Safari hii tunaomba mitambo iache kukata, jambo ambalo ninaamini ni rahisi kuliko kukata.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, na ni pingamizi la kiufundi lenye uzito. Kampuni zitasema kwamba sasisho la Chrome linatoka kwenye seva zile zile za Google zinazotoa michezo na programu nyingine zote za Play Store. Ukifungua mlango kwa kiraka, michezo yenye giga mbili itapita pia bure. Ni kweli. Kutenganisha vitu hivyo ndani ya njia iliyofichwa kwa usimbaji si rahisi. Kwa hiyo mimi siombi mlango wazi saa zote. Naomba dirisha la usiku: tuseme kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, upakuaji kutoka Play Store usihesabiwe, mpaka kiwango fulani kwa kila laini kwa mwezi. Saa hizo mnara wa Sange unamhudumia mlinzi na mama mwenye mtoto mgonjwa. Uwezo wake mwingi unalala. Kiwango cha mwezi kitamzuia anayetaka kupakua sinema. Na kwa kuwa kampuni nyingi za simu duniani huweka ndani ya mtandao wao hifadhi za Google zinazobeba nakala za faili zinazopakuliwa sana, sasisho moja likiingia mara moja linaweza kugawiwa kwa maelfu bila kulipiwa tena njia ya kimataifa. Kwa wakuu wa hesabu, hapo ndipo pa kuanzia.

Pingamizi la pili litatoka kwa watu wa haki za mtandao, na hao nawaheshimu. Februari 2016 mdhibiti wa India alipiga marufuku bei zinazobagua huduma moja dhidi ya nyingine, na mpango wa bure wa Facebook ukafungashwa virago nchini humo. Waliogopa kwamba bure ya kampuni moja ni kifungo cha mteja. Wakiniuliza, nitawajibu kwamba nisingependa kuona ARPTC ikiizawadia Google kwa kuwa kubwa. Itakuwa kejeli kubwa kuanza barua kwa kulalamikia shamba la mbegu moja na kuimaliza kwa kuimwagilia maji mbegu hiyo. Dirisha liwe la viraka vya usalama vya kivinjari chochote, na Firefox iingie humo kwa haki ile ile. Kwa hakika ningefurahi kama watu wachache zaidi bondeni wangekuwa na injini tofauti mfukoni, mradi nayo iwe inasasishwa.

Linabaki jambo moja ambalo mega za bure haziwezi kulitibu, na hili naliweka mikononi mwa ARPTC peke yake. Simu nyingi za hapa hazina tena kiraka cha kusubiri. Chrome iliacha kuzihudumia simu za Android 7 mwishoni mwa 2023, na tangu toleo la 139, lililotoka Agosti 2025, inataka Android 10 kwenda juu. Simu ya Android 8 au 9, ambayo hapa Sange ni simu ya heshima kabisa, imebaki na Chrome iliyogandishwa. Wenye simu hizo mimi nawawekea Firefox, kwa kuwa yenyewe bado inazipokea, na ni mahali pamoja ambapo shauri la vijana linakuwa la kweli, japo si kwa sababu wanayoitoa. Hali ni hiyo hiyo kwenye kompyuta za vibanda vya kuchapa barua na kutoa kopi: Chrome iliitupa Windows 7 mwanzoni mwa 2023, Mozilla, wenye Firefox, wakaendelea kulirefushia maisha toleo lake la 115 kwa ajili ya mashine hizo. Hizi ni njia za kuchelewesha tu.

Dawa iko bandarini na kwenye idhini mnazotoa kabla ya simu kuingia sokoni. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji analazimika kutaja ni hadi lini kifaa chake kitapata viraka vya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unadai masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5 baada ya simu ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Mnadhani simu zisizofikia masharti hayo zitaenda wapi? Zina mkoba wa plastiki, zina skrini inayong'aa, zina bei ya kuvutia, zitapanda meli. Siwaombi mzikatae zote, maana watu wangu watakosa simu kabisa. Naomba tarehe tu, iandikwe nje ya boksi kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa: viraka vya simu hii vitaisha mwezi fulani, mwaka fulani. Mzee anayetoa fedha ya magunia yake ya mpunga kununua simu ana haki ya kujua kama ananunua miaka minne ya usalama au miezi minne. Anaangalia tarehe kwenye kopo la maziwa ya mtoto, ataiangalia na hii.

Kuhusu nani alipe, upo Mfuko wa Maendeleo ya Huduma kwa Wote, FDSU, ulioundwa ili mawasiliano yafike mahali ambapo biashara peke yake isingeyafikisha. Mnara kijijini ni sehemu ya kazi hiyo. Kama mega za dirisha la usiku zinahitaji kulipiwa fidia, sioni mahali panapofaa zaidi.

Mkitaka kupima kabla ya kuamua, chagueni mnara mmoja wa bonde, uwe wa Sange, Luvungi au Kiliba, mfungue dirisha hilo kwa mwezi mmoja. Watangazieni watu kwa redio za jamii, kwa Kiswahili na Kifuliiru, siku tatu kabla, mkiwaeleza jinsi ya kuingia kwenye mipangilio ya Play Store na kuruhusu masasisho bila Wi-Fi. Kazi hiyo mafundi wa hapa tutawasaidia bila malipo. Mwezi ukiisha mtajua ni laini ngapi zilipakua, kwa kiasi gani, na kampuni ilipoteza nini hasa. Kama hasara ni kubwa, chapisheni hesabu hiyo tuione, tujadiliane juu ya namba. Kama ni ndogo, semeni ni lini mnara wa pili unafuata.

Wenu katika heshima,

Fundi simu, Sange, Teritwari ya Uvira